Ufunguo Ziwani

Risasi ya kwanza ilipita juu ya kichwa chake. Ya pili ikapasua taa ya pikipiki.

Sabina Mashimba hakupunguza mwendo. Pikipiki ya Boxer aliyompora kijana wa bodaboda iliteremka Busisi ikirusha changarawe, ikielekea ufukweni alikokimbilia Varga.

Mgeni huyo aliingia Mwanza akijiita mnunuzi wa minofu ya sangara. Idara ya ujasusi ya Sabina ilichelewa kujua kazi yake halisi: alitumwa kulipua daraja la Kigongo–Busisi. Bomu lilikuwa tayari kwenye buti ya gari jipya la umeme, lililosimama katikati ya daraja. Ndani ya gari hilo, amefungwa pingu kwenye usukani, alikuwemo Msafiri, jasusi mwenzake Sabina.

Sauti ya Msafiri ikamfikia kupitia kifaa kidogo kisichoingia maji kilichofichwa sikioni.

"Umempata?"

"Namwona."

"Saa ya bomu inakimbia, Sabina. Harakisha."

Gari lile halikuwa na tundu la ufunguo. Ufunguo ulikuwa ndani ya simu ya Varga. Bila simu hiyo haliwaki, na magurudumu yalikuwa yamejifunga. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya mabasi na malori hadi Kigongo, na wataalamu wa mabomu walikuwa wamekwama humo.

Varga alirukia boti. Injini ya Yamaha ikanguruma.

Sabina aliitupa pikipiki, akapiga goti, akashika bastola yake ya Glock kwa mikono miwili.

Pa! Pa!

Injini ikakohoa, ikazima.

Varga akageuka. Akainua simu juu ili Sabina aione vizuri. Kisha akaivurumisha majini.

Boti ilikuwa inaelea tu. Sabina angeweza kumkamata Varga palepale.

Akamwacha. Akajitosa.

Maji yalikuwa ya kijani, mazito kwa magugu. Alipapasa matope. Jiwe. Kipande cha wavu. Konokono. Akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Hakuna kitu. Alipoibuka safari hii alikuwa analia na hakujua alianza lini.

"Mungu wangu, nisaidie."

Akazama. Vidole vikagusa kitu bapa, laini.

Simu.

Akabonyeza. Kioo kilibaki cheusi.

"Mkuu, ninayo," alimwambia Khalidi, mkuu wake aliyekuwa ofisini Igogo, kupitia kifaa kile. "Imezima."

"Tulikuwa tunaifuatilia simu hiyo. Ilikuwa inaishiwa chaji. Kama ni chaji tu, sehemu ya ufunguo bado ina akiba ya umeme. Igusishe kwenye kitasa."

"Na kama ni maji?"

Sabina akairukia pikipiki, akapanda mbio kuelekea darajani.

Juu ya daraja watu walikuwa wamekimbia. Ila mzee mmoja, Ng'washi. Dereva wa lori lililobeba ng'ombe wake alikuwa ametoroka, naye mzee alikuwa amewashusha, wakajaa barabarani mbele ya gari lenye bomu.

"Shikamoo baba! Waondoe hao!"

"Marahaba. Siwezi kuwaacha, binti. Wao wamekosa nini?"

"Gari lile lina bomu. Nataka kulitoa. Nipe njia tu, baba."

Mzee Ng'washi hakuuliza la pili. Alipiga mluzi mrefu, akawachapa wawili wa mbele, na kundi lote likasogea ukingoni.

Sabina akagusisha simu kwenye kitasa.

Kimya.

Akaifuta kwenye nywele. Akajaribu tena.

Kimya.

Msafiri alimtazama kupitia kioo. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nenda, Sabina. Mwambie mke wangu Mwanaharusi…"

"Utamwambia mwenyewe! Nyamaza!"

Akaigeuza simu. Kucha zikagonga kava nene la mpira. Kava! Akalirarua kwa meno, akabandika simu tupu kwenye kitasa.

Klik.

Akajitupa kiti cha abiria, akaiweka simu kwenye kisahani cha kusomea ufunguo katikati ya viti. Dashibodi ikawaka.

"Endesha!"

"Nina pingu!"

"Mikono yako si iko kwenye usukani? Endesha!"

Gari likaruka. Likapita katikati ya ng'ombe na chuma cha daraja, likachubuka ubavu mzima. Daraja likaisha.

"Kulia! Gati la kivuko cha zamani!"

Njia ya zege iliteremka moja kwa moja ziwani. Hapakuwa na mtu. Sabina akabana mdomo wa Glock kwenye mnyororo wa pingu.

"Geuza uso."

Pa!

Mnyororo ukakatika. Milango ikafunguka. Wakaanguka kila mmoja upande wake, wakabingirika kwenye zege. Gari likaendelea peke yake, likaingia majini, likazama hadi paa.

Ziwa likainuka.

Mlipuko uliwaziba masikio. Maji yakawanyeshea kama mvua ya masika. Yalipotulia, Sabina aliinua kichwa, akaangalia daraja.

Limesimama.

Msafiri alikuwa amekaa chini akijishika mikono, anacheka na kulia kwa pamoja. Mbali kidogo, polisi walikuwa wanamvuta Varga kwa kola ya shati hadi kwenye boti yao.

"Sabina," Khalidi aliita sikioni. "Helikopta inakuja kuwachukua. Waandishi wa habari nao wako njiani."

"Mchukueni Msafiri. Mimi sitaki kupigwa picha; hamkuniona."

Akachomoa kifaa sikioni, akakiweka kwenye kiganja cha Msafiri. Akakamua maji kwenye pindo la shati, akaficha bastola kiunoni. Kisha akapanda mteremko kuelekea barabara ya Sengerema, polepole, bila kugeuka nyuma.