Majani Aliyoyaficha Fundi Massoudi

Kila asubuhi Massoudi alifungua gereji yake mtaani Buyenzi kabla ya jirani zake. Alipanga spana juu ya gunia, akasalimia wapita njia, akaanza kazi. Hakuna aliyejua kwamba usiku hapati usingizi. Tangu amzike pacha wake, Faruk, miezi mitano iliyopita, macho hayakufumba. Machozi yalimjia hata msikitini, mbele za watu. Basi akaacha kwenda.

Daktari alimpa vidonge vya ugonjwa wa huzuni. Massoudi alivimeza kwa siri. Kisha akanunua sokoni majani ya kutuliza moyo. Aliyachemsha gerejini, akaweka maji yake ndani ya bidoni, dumu dogo la plastiki. Moyo ukiuma, aliongeza kikombe, kama fundi anavyoongeza oili injini ikilia.

Siku moja Salvator, dereva wa teksi, alifika kwa miguu akisukuma gurudumu.

"Fundi! Hii gurudumu imenipita njiani, ikaniaga!"

Watu wakacheka. Salvator hakucheka.

"Nilipakia mama mwenye mimba. Ulikaza nati kweli?"

"Nati zako zimezeeka," Massoudi akajibu.

Alijua ni uongo. Alikuwa amesinzia akilifunga gurudumu hilo, spana mkononi.

Ernestine, jirani yake, alisikia yote. Watu walipotawanyika, akasogea.

"Ndugu, unakunywa nini? Macho yako imelegea."

Massoudi akainama. Akamwonyesha bidoni, majani yaliyobaki na vidonge vya huzuni alivyopewa na daktari.

"Usimwambie mke wangu. Hayat atasema ameolewa na mwenye wazimu."

"Huzuni ni ugonjwa, si wazimu. Mi nafanya kazi kwenye maabara, tunapima mimea. Majani kama haya tunawapa panya kwanza. Kundi moja kidogo, lingine zaidi, lingine maji matupu. Tunaangalia: panya ametulia, ao amelegea tu? Kulegea si kupona."

"Kumbe ni sumu?"

"Sijasema. Mengine yanaweza kusaidia. Lakini hatujajua kipimo cha mutu. Na ukichanganya na vidonge, unaweza kuzidiwa."

"Basi niache vidonge."

"Apana! Usiache mwenyewe. Mupelekee daktari vyote viwili, umuambie kweli."

Jioni ile Massoudi alimweleza Hayat, akitazama ukuta.

"Baba Fadhila," Hayat akasema, "miezi mitano nafikiri umenichoka mimi!"

Kesho yake walikwenda pamoja. Daktari alimkataza majani, akapanga upya vidonge, akampa siku ya kuja kuzungumza juu ya Faruk. Alimwambia pia asiguse gari mpaka kichwa kiwe chepesi. Wiki zikapita. Polepole usingizi ukarudi.

Ndipo Massoudi akaenda kituo cha teksi.

"Salvator, nati hazikuwa na kosa. Nilichanganya dawa, nikasinzia. Kisha nikakudanganya."

Salvator alizima injini ya teksi.

"Yule mama alijifungua salama," akasema. "Lakini mi si wa kukusamehe kwa niaba yake. Anakaa mtaa wa Kibenga."

Uso wa Massoudi uliwaka kwa aibu. Akauliza ni nyumba ipi, akashika njia.