Hodi ya Nne

Walikuwa watatu, lakini Mbodze alisikia hodi nne. Hakujibu hata moja. Aliwafungulia mlango kimya, akaleta kibuyu cha tembo la mnazi na mirija minne.

"Bibi, macho yamekwisha," Ngala alimtania. "Sisi ni watatu."

"Masikio hayajaisha," alijibu Mbodze, akarudi jikoni.

Ilikuwa saa saba ya mchana, Bongwe, mwaka wa hamsini na nne. Tsuma alikuwa amekuja likizo kutoka bandarini Mombasa kumwona mwanawe wa kwanza, Rai, aliyezaliwa wiki mbili nyuma. Mkewe Kadzo alikuwa hajatoka arubaini, yuko peke yake nyumbani Ukunda. Mwanamume mwenye akili angekaa naye. Tsuma aliona afadhali aje mangwe, kibanda cha Mbodze cha kuuzia tembo, na rafiki zake, Ngala na Chome, wanywe kama zamani.

Hapakubadilika kitu. Hata nguzo waliyochonga majina yao ujanani ilikuwapo, na jina la nne juu yake: Mwinga, mgema wao, aliyeanguka akafa kutoka mnazi wa nyuma ya kibanda hicho wakati wa vita. Tsuma aliligusa jina lile, machozi yakamlenga. Alimpenda sana Mwinga. Akautia mrija wa nne kibuyuni.

"Ndugu yangu, karibu. Kwangu ni kwako."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mrija ule, ambao hakuna aliyeushika, ulianza kunyonya. Tembo likashuka, likashuka, na harufu ya udongo wa kaburi ikapanda, mpaka kibuyu kikakoroma kitupu.

"Ahsante, mwenyeji," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya Tsuma, na Tsuma hakufumbua kinywa.

Mbodze alitoka jikoni. "Nani kamkaribisha?" alinong'ona.

"Ni Mwinga tu, bibi," alisema Tsuma.

"Mwinga tulimzika! Huyo ni jini la mnazi ule, ndilo lililomwangusha. Miaka yote hii nalipatia mrija, lakini neno 'karibu' siliambii. Wewe mpumbavu umelipatia nyumba! Mume kashalialika, mke naye akiliitikia, limeingia, halitoki tena. Kimbia!"

Tsuma alikimbia. Alikimbia na jua limemkaa utosini, njia nzima haina mtu wala kuku, akamwita Kadzo na pumzi zikamkatika, akatazama chini akaona mchangani nyayo za makubadhi zikimtangulia, mbichi, zenye ule mpasuko wa kisigino cha kushoto, akajitazama miguuni akauona mpasuko ule ule, nazo nyayo zilikuwa zikienda taratibu, hatua fupi za mtu asiye na haraka, na bado kila alipozidisha mbio hakuzifikia, mpaka akaliona paa lake, akasikia mbele yake sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole:

"Hodi, mama Rai."

"Kadzo, usijibu!" alipiga kelele.

"Karibu, baba," alijibu Kadzo kutoka ndani.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Komeo likashuka. Tsuma aliupiga mlango kwa ngumi zote mbili, akilia.

"Hodi! Kadzo! Hodi!"

Ndani mtoto alikuwa akilia, kisha akanyamaza.

"Nenda zako, ndugu," ilijibu sauti yake. "Wenyewe tumo."