Mbegu Alizozificha Hilaria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilaria alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamwosha uso mdogo wake, Eustace. Mwezi wa Juni Sumbawanga huwa na baridi kali, kwa hiyo Eustace alilia kila maji yalipomgusa. Jikoni, mama mdogo Dominika alikoroga uji wa ulezi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama," Hilaria alijibu, akapokea kikombe chake, akaenda kunywea nje.

Ilikuwa hivyo tangu mama yao mzazi, Lydia, alipofariki dunia. Wakati huo Hilaria alikuwa na miaka kumi. Sasa alikuwa darasa la sita. Mama mdogo alikuja kutoka Laela kumzika dada yake, na matanga yalipoanuliwa hakurudi kwao. Alibaki kumsaidia baba yao, Mzee Zenon, fundi ujenzi, kulea watoto. Alipika, alifua, na Eustace alipougua alikesha naye. Hilaria hakuwa na baya la kumsema. Lakini kila alipomwona ameshika mwiko wa mama, aligeuza uso.

Mama yao alisifika mtaani kwa vitunguu vyake vya majani, vilivyostawi nyuma ya nyumba hata wakati wa kiangazi. Hakununua mbegu. Kila mwaka aliacha mashina machache yachanue maua meupe ya mviringo, na maua yalipokauka aliyapukuchua, akapata mbegu nyeusi. Siku chache kabla ya kuugua, alimpa Hilaria mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa.

"Nitunzie hizi," alimwambia. "Mvua zikiisha tutazisia pamoja."

Mvua ziliisha, lakini mama hakuwepo tena.

Mwaka ule ule, mama mdogo alimuuliza, "Hilaria, dada hakuacha mbegu za vitunguu? Kitalu kiko wazi."

"Hakuacha," Hilaria alijibu.

Alikuwa amezificha chini ya nguo zake. Aliogopa kwamba mkono mwingine ungezipanda, vitunguu vikachumwa, vikapikwa, na mwisho kisibaki kitu. Alipozidiwa na majonzi, alifungua kitambaa na kuzitazama. Aliona kama mama bado yupo kidogo.

Mwaka huu aliona kwamba sasa anaweza kuzipanda mwenyewe. Alilima kitalu, akachanganya samadi iliyooza, akachora mistari mifupi isiyo na kina. Alisia mbegu, akazifunika kwa udongo mwembamba na nyasi kavu, kama mama alivyofanya. Alibakiza chache tu kwenye kitambaa.

"Hongera!" mama mdogo alimwambia. "Umetoa wapi mbegu?"

"Nimepewa shuleni."

Alimwagilia asubuhi na jioni. Kila alipotoka shule alifunua nyasi na kuchungulia. Wiki moja ikapita, ikaja nyingine, na nyingine tena. Yaliota magugu tu.

Siku moja alasiri alimkuta mama mdogo amepiga magoti kwenye kitalu, vidole vyake viko udongoni. Hilaria alitupa mkoba wake chini.

"Kumbe ni wewe!" alipiga kelele. "Umezifukua! Hutaki kitu cha mama kibaki hapa nyumbani!"

Mama mdogo aligeuka polepole. "Cha mama? Si ulisema umepewa shuleni?"

Hilaria aliinamisha kichwa.

"Hilaria, hizi ni mbegu za dada?"

"Ndiyo."

"Zile za mwaka aliofariki?"

"Ndiyo. Alinipa nimtunzie."

Mama mdogo aliketi pale pale chini, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti. Hilaria alishtuka. Siku ya msiba, mama mdogo ndiye aliyekuwa akiwapikia waombolezaji na kuwabembeleza wengine. Hakuwahi kumwona akilia namna hii.

"Nilikuwa natafuta kama kuna hata moja iliyochipua," alisema hatimaye. "Mwanangu, mbegu ya kitunguu haikai. Baada ya mwaka mmoja, au miwili, nyingi huwa zimekufa. Siku ile nilipokuuliza, zilikuwa bado hai."

Hilaria alikimbilia ndani, akaleta zile chache zilizobaki. Mama mdogo alizifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akaziweka karibu na meko zipate joto. Kila siku walikifungua pamoja. Baba naye aliinama siku moja, akazigusa zile punje kwa kidole chake kilichokakamaa kwa saruji, kisha akatoka nje. Hakuna hata moja iliyoota.

"Nisamehe, mama mdogo," Hilaria alisema huku akilia. "Niliogopa vitunguu vya mama visije vikaisha, nikakudanganya mara mbili, halafu nikakusingizia."

"Nimekusamehe. Lakini mbegu hizi siwezi kukurudishia. Ungeniambia kwamba unaogopa, tungelia pamoja, kisha tungezisia pamoja. Lydia ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mimi pia nimefiwa, Hilaria."

Hilaria alimkumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi walikwenda Majengo, kwenye duka la Bi Hamisa, wakanunua mbegu mpya. Safari hii walisia wote wawili. Baada ya siku kadhaa, miche ilichomoza, imejikunja kama ndoana. Hilaria alimwonyesha mama mdogo namna ya kuondoa nyasi jioni ili jua lisiiunguze, na miche ilipopata unene wa penseli waliihamishia kwenye matuta. Mama mdogo alishangaa jinsi alivyokumbuka kila kitu.

Vitunguu vilipokomaa, mama mdogo alivikatia kwenye dagaa wa Kirando. Harufu ilijaa nyumba nzima. Baba alimega tonge la kwanza, machozi yakamlengalenga.

"Dada, hivi ni vile vya mama?" Eustace aliuliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Hilaria aliweka tonge lake chini.

"Hapana," alijibu. "Mbegu za mama zilikufa kwa sababu nilizificha. Hivi nimepanda na mama mdogo."

Mama mdogo alimshika bega.

"Kweli inauma," alisema, "lakini ukiisema, wenzako wanaweza kukusaidia kuibeba. Uongo unaubeba peke yako. Tena shikeni hili, wanangu: mbegu haitunzwi kwa kufichwa, hutunzwa kwa kupandwa. Mashina ya tuta la mwisho hatutayachuma. Tutayaacha yachanue, na jirani akiomba mbegu, tutampa."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Lydia angefanya hivyo hivyo," alisema kwa sauti ndogo, akawasogezea watoto bakuli la dagaa.