Omena za Kulipia Githeri

Kila Jumatatu asubuhi, Trizah alipitia dukani kwa Machuki akielekea shuleni. Mama yake, Rispa, aliyeuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, katika soko la Rongo, hakuwa na simu tangu yake ilipoingia maji. Kwa hivyo alimpa Trizah pesa za chakula cha mchana, githeri ya mahindi na maharagwe, naye Machuki akazituma shuleni kwa simu.

Muhula wa pili ulipoanza, Machuki alizikataa.

"Hizi hazitoshi. Siku hizi kuna ada ya kutuma. Bila ada, hakuna githeri."

Trizah alishtuka. Mama alikuwa amesema waziwazi kwamba chakula kikipanda bei hata kidogo, hataweza kulipa tena.

"Sina zingine," alisema kwa sauti ndogo.

"Si mama yako ni wa omena? Niletee kikombe kimoja. Na usimwambie, ana shida zake."

Basi kila Jumatatu Trizah akawa anachota omena kwenye gunia la mama na kuzificha ndani ya sweta. Githeri haikuwa na ladha tena. Mama akimwita tu, alilikagua sweta kwanza.

Jioni moja alimsikia mama akifoka jikoni. "Gunia halipungui lenyewe! Ni Nyarangi ananiibia. Kesho namfukuza, na soko lote litajua!"

Nyarangi alimsaidia mama kuanika omena, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Trizah aliogopa hadi sufuria aliyokuwa akisugua ikamponyoka. Akisema, atachapwa na chakula atakikosa. Akinyamaza, Nyarangi ataitwa mwizi.

"Ni mimi, Mama," alisema huku akilia, akaeleza yote.

Mama hakumchapa. Kulipokucha alimshika mkono wakaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Joash.

"Ada gani?" Mwalimu alishangaa. "Gharama ya kutuma inalipwa na shule. Mzazi haongezi hata shilingi. Asiye na simu alete pesa hapa ofisini, apewe risiti. Lakini na sisi tumekosea, tungewatangazia wazazi mapema."

Machuki aliitwa. Alijaribu kujitetea, akababaika, mwishowe akakubali kurudisha kila alichochukua kwa Trizah na kwa watoto wengine aliowadanganya.

Njiani kwenda sokoni, mama alisimama. "Nyathina, mwanangu, mtu mzima akikuomba kitu halafu akuambie usiseme nyumbani, hapo ndipo unakuja mbio kuniambia. Mimi ni mkali, lakini ni mama yako. Na uoga si ruhusa ya kuiba. Umeona nani angelipa?"

"Nyarangi," Trizah alijibu, akiinamisha kichwa.

"Na mimi nilimhukumu bila kuuliza. Twende tumwambie sote wawili."

Nyarangi alikuwa tayari ametandaza omena juani. Alipowaona alitabasamu. "Mmechelewa leo! Kuna nini?"

Trizah alitangulia mbele ya mama yake na kuanza kusema.