Aliyeitikia Nyumbani kwa Jashvant

Mwaka 1994, Paskazia, mwalimu wa Katoro, alikwenda na walimu wenzake kuitazama nyumba ya Jashvant, tajiri wa pamba wa zamani, kando ya ziwa upande wa Nkome. Ukoo ulishahamia Mwanza, lakini nyumba uliitunza: milango ya mninga ikang'aa, bustani ikafagiliwa hadi majini. Paskazia alimwachia wifi yake Generosa mtoto wa miezi mitatu. Matiti yalijaa hadi yakauma, na aliwaza jambo moja tu: arudi akanyonyeshe.

"Shikamoo baba," alimwamkia Thobias, mlinzi wa nyumba.

Thobias hakuitika. Aliitazama blauzi ya Paskazia iliyolowa maziwa.

"Vueni viatu. Wewe mwenye mtoto, pita mbele."

Sebuleni wenzake walisimama kando ya bembea ya Kihindi.

"Kaa hapo, Marselino, uwe tajiri."

"Nikikaa, mtaniamkia?"

Wakacheka. Paskazia akafuata ukumbi hadi chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nyuma ya mlango, sauti ndogo ikanong'ona.

"Shikamoo, mama."

Mwalimu husalimiwa na watoto kutwa nzima. Mdomo ukatangulia.

"Marahaba, mwanangu."

Akasukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Kitanda kidogo. Shuka linachuruzika maji.

Baridi ikamshika kifuani. Baridi yenye uzito. Ikavuta. Ikavuta tena.

Alipotoka mbio, Thobias alikuwa ameketi kwenye ngazi, anavuta sigara.

"Umeitikia," alinong'ona.

"Ni nani yule?"

"Mama yake alizama hapo mbele kabla hajamwachisha kunyonya. Mtoto naye akamfuata majini. Miaka yote ananililia mimi. Mimi nimpe nini?" Akaizima sigara. "Leo nitalala."

"Kumbe ulijua."

"Nenda, mwalimu. Wenzako wanakusubiri."

Katoro, Generosa alimpokea mlangoni na mtoto aliyekaukwa na sauti kwa kilio.

"Umechelewa, wifi. Mpe haraka."

Paskazia akafungua blauzi. Matiti yalikuwa yamelala, makavu. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Akavuta tena. Hakupata hata tone.

Generosa akasogeza uso karibu.

"Wifi," alinong'ona, "nani amekuuma?"

Kuzunguka chuchu zote mbili zilikuwapo alama za meno. Za meno madogo, ya juu na ya chini, bado mbichi. Na mtoto aliyempakata alikuwa hajaota hata jino moja.