Hesabu Mabawa

Nyigu hupuliziwa dawa jua likizama, wakisharudi kiotani. Ndiyo maana Bi Pampu alifika kwa kaka yake wakati wa magharibi, pampu mgongoni, glasi mfukoni mwa koti. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa, naye hakuligombania. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiua wadudu, na pampu ndiyo iliyomjua kuliko mtu yeyote.

Glasi ndiyo iliyomfanya aaminiwe. Kabla ya kufungua dawa alimfunika mdudu mmoja, akamulika, akahesabu mabawa. Manne ni nyigu. Mawili ni nzi wa maua, aliyejivika mistari ya njano na nyeusi ili aogopwe bure. Hana mwiba wala kiota, wala hana ugomvi na mtu. Wengi huwachanganya, lakini Bi Pampu hakuwahi.

Mara moja tu alitoa jibu lisilo sahihi. Na siku hiyo hakukosea. Alidanganya.

"Wamerudi, mdogo wangu," kaka alimwambia mlangoni. "Dirisha lile lile, na safari hii wanatokea darini."

Sebuleni walikaa mwenye duka na mkewe, majirani wa ukuta kwa ukuta, wametulia kama watu waliokuja kuangalia mpira. Wifi yake, mke wa kaka, alisimama peke yake kando ya mlango wa chumba cha nyuma. Hakuna aliyempa kiti.

Chumba hicho kilikuwa cha mama.

Miaka kumi iliyopita wadudu wenye mistari walijaa dirishani humo, na mtaa mzima ukasema bibi kizee anafuga nyigu wa kutuma kwa watu. Bi Pampu, wakati huo mgeni kabisa wa kazi, aliitwa ahesabu. Alihesabu mawili. Alijua hata walikotoka: mtaro ulioziba nyuma ya dirisha, ambao kaka aliahidi kuuzibua kila wiki na hakuuzibua. Lakini watu walikuwa wamemkazia macho, na nani angemfungulia mlango binti ya mchawi? Akasema, "Nyigu." Mama hakulia. Alimtazama tu na kusema, "Hesabu tena, mwanangu."

Hakuhesabu tena. Mama alihamishiwa banda tupu nyuma ya tanuri la matofali, na baada ya miezi mitatu alikutwa amekufa, amelala ubavu, magoti yamegusa kidevu.

Kaka alimshikia ngazi. Akanong'ona.

"Ukishuka, sema lile neno moja. Basi."

"Na wifi?"

"Anaondoka leo. Nimemchoka. Majirani wanasema ameurithi uchawi wa mama, wanangoja tu kusikia kwa mtaalamu."

"Na kama ni nzi, kaka?"

Kaka alitabasamu. "Kama ni nzi leo, walikuwa nzi na siku ile. Nenda kawaeleze."

Bi Pampu alimchukia kaka yake wakati huo kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Akaichukia na nafsi yake, kwa sababu miguu yake ilikuwa tayari inapanda.

Alisukuma kifuniko cha dari, akaingiza kichwa.

Giza. Vumbi. Halafu harufu...

Mafuta ya karafuu. Yale mama aliyokuwa akijichua magotini.

Na mvumo. Haukuwa mvumo wa mabawa. Ulipanda, ukashuka, ukakatika kidogo, ukaendelea, kama mtu anayeimba amefumba mdomo huku anashona. Bi Pampu aliujua wimbo.

Akawasha tochi.

Nzi hawana kiota. Hawalali kundi. Lakini hawa walikuwa maelfu, wametandazika juu ya mbao, juu kabisa ya pale kilipokuwa kitanda cha mama. Hawakuruka. Walikuwa wamekaa kwa kushikamana, na umbo walilolifanya lilikuwa na bega. Lilikuwa na nyonga.

Lilikuwa limelala ubavu. Magoti yamegusa kidevu.

Mwanga ulipofika kichwani, kichwa kiligeuka.

Alitoa glasi mfukoni. Mdudu mmoja aliinuka taratibu, akaja, akaingia kwenye glasi mwenyewe. Bi Pampu aliifunika kwa kipande cha boksi. Akamulika.

Mawili.

Alishuka na glasi kifuani. Mwenye duka alikohoa, akauliza, "Haya, mtaalamu. Ni nini?"

Ilikuwa rahisi kusema nzi. Neno fupi kuliko lile jingine. Alimtazama wifi, mwanamke aliyempikia chai kila alipokuja kuomboleza, aliyemfulia mama nguo kwa siri kule bandani. Akawatazama majirani. Akaona milango ya mtaa mzima ikifungwa mmoja mmoja.

"Nyigu," akasema.

Mke wa mwenye duka aliguna. Kaka alishusha pumzi. "Umesikia," akamwambia mkewe. "Kusanya vitu vyako."

Wifi hakubisha. Aliinama akaokota furushi la nguo lililokuwa limeshafungwa, maana hata yeye alijua neno litakalosemwa. Alipopita mbele ya Bi Pampu alisimama. Siku ile ya mama hakuwepo. Aliolewa mwezi uliofuata, mama akiwa tayari bandani, na Bi Pampu hakuwahi kumsimulia mtu.

"Hesabu tena, mwanangu," alisema.

Na haikuwa sauti yake.

Bi Pampu aliinua glasi kwenye taa.

Manne.

Juu ya dari wimbo ulikatika. Kimya... kisha sauti nyingine, kavu, kali, ile anayoijua kila mpulizia dawa. Walimwagika kupitia kifuniko alichokiacha wazi. Wifi alitembea katikati yao hadi nje, na hakuna hata mmoja aliyegusa mtandio wake. Majirani walitoka kwa dirisha. Kaka hakutoka.

Hakufa. Hospitali walisema ni nyigu, ajali ya kawaida, angechelewa kidogo yangekuwa mengine. Jicho moja halifunguki, na ulimi uliovimba haukurudi vizuri, kwa hiyo yaliyonong'onwa chini ya ngazi hataweza kuyasema kwa mtu.

Bi Pampu hakuumwa hata mara moja. Hilo ndilo linalomtesa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwao wifi, akapiga magoti, akasema yote: walikuwa nzi, tangu zamani walikuwa nzi. Wifi alimsikiliza akiwa mlangoni. Kisha akamwonyesha kwa kidole glasi iliyokuwa mkononi mwa Bi Pampu mwenyewe, ambayo hakukumbuka kuibeba. Mdudu yule yule alikuwa hai ndani yake, bila chakula, bila maji.

"Basi nionyeshe," alisema wifi.

Bi Pampu alihesabu. Akahesabu tena. Manne.