Ampea Kumi kwenye Waya Mwembamba

Jamaa zangu, hii ni habari ya nyumba moja ya Basra, na sitaipamba.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, mchana wa joto kali. Watu walikuwa wameshakula wali na samaki wa kuchoma, chai ya ndimu kavu imezunguka, watoto wanasinzia palepale walipoketi. Nyumba ilikuwa ya urithi, imegawanywa kwa ua: upande mmoja anakaa Khudeir, mkubwa, dereva wa lori, upande wa pili mdogo wake Nadhim, fundi umeme. Mama yao, Bi Wafiya, akachukua mto wake.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alimwambia Khudeir. "Nakwenda kulala kwa Nadhim. Kule kuna baridi."

Alisema kwa wema. Khudeir alimtazama akivuka ua na mto kwapani.

"Mama hukaa kwa mtoto mkubwa," alimwambia mkewe, Ibtihal. "Majirani watasemaje?"

"Majirani wamelala, Baba Sinan. Lala na wewe."

Hakulala. Umeme wa serikali ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mtaa mzima ulinunua umeme wa jenereta ya Hatim, kila nyumba na ampea zake. Khudeir alikuwa na nne, za taa, feni na friji. Nadhim alikuwa na kumi, na kiyoyozi juu. Tangu siku hiyo kila kiyoyozi cha mdogo wake kilipoanza kunguruma, Khudeir alikisikia kama kinamcheka yeye.

Wiki mbili baadaye akashusha kiyoyozi kwenye lori lake, kikubwa kuliko cha Nadhim. Alihakikisha ni kikubwa.

Nadhim alikuja na kipimo chake bila kuitwa. Akapima, akaandika juu ya pakiti ya sigara.

"Kaka, tazama. Kwa Hatim umeme unatoka volti mia mbili na ishirini. Hapa kwako, ukivuta ampea nne, zinafika mia mbili. Volti ishirini zinapotelea njiani. Ishirini gawa kwa nne ni tano. Waya wako una ukinzani wa omu tano, na karibu wote uko kwenye kile kiungo cha zamani ndani ya ukuta, nyuma ya kabati."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo volti ishirini mara ampea nne, wati themanini zinakuwa joto ukutani. Hizo umezivumilia. Ukivuta ampea kumi, zitapotea volti hamsini. Hamsini mara kumi ni wati mia tano. Ni kama kuwasha pasi ukaificha nyuma ya kabati. Nina waya mnene kwangu, nitakuwekea leo, bure."

Sikilizeni sasa mahali alipopotea. Hesabu aliielewa. Mtu aendeshaye lori anajua mzigo na anajua kamba. Lakini neno alilobaki nalo lilikuwa "bure". Alimwona mdogo wake amesimama katikati ya chumba chake, akimpa sadaka.

"Wewe ukiwa na kumi, waya hauna neno," alisema. "Mimi nikitaka kumi, unaniletea hesabu."

"Waya wangu niliubadilisha, kaka."

"Umemzoea mama huko kwako. Sema hivyo tu, utoke."

Nadhim akatoka.

Hatim wa jenereta alikuwa na desturi yake: haongezi ampea mpaka fundi aseme waya unafaa. Khudeir akamfuata kwenye kibanda chake.

"Nadhim ameshaubadilisha," alimwambia.

"Nadhim mwenyewe? Basi imekwisha," akasema Hatim. Akang'oa ile breka ya ampea nne, ambayo ingekata umeme mapema, akaweka ya kumi.

Siku ya tatu, baada ya chakula, Bi Wafiya alilala kwa Khudeir. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema, "Kweli hapa ni kama kwa Nadhim." Khudeir hakutaka kulinganishwa, lakini alifurahi. Ibtihal na watoto walikuwa kwa wazazi wake. Kwa nini furaha ile ikae bure? Akaenda mtaa wa pili kumwita mama yake mdogo, aje ashuhudie dada yake amelala kwa nani.

Waliporudi, moshi mweusi ulikuwa ukitoka mlangoni. Kabati linawaka na ukuta nyuma yake unawaka. Nadhim alikuwa ameshamtoa mama, amemlaza uani, anakohoa lakini yu hai. Mkono wa kulia wa Nadhim ulikuwa umeungua mpaka kiwiko. Kabati lilimwangukia akimburuta mama.

Hospitalini, Hatim alikuja na hasira. "Nadhim, wewe ndiye uliyepitisha waya ule."

Nadhim alimtazama kaka yake.

"Nilidanganya," Khudeir akasema. "Nilitumia jina lake."

Mkono ulipona, lakini vidole havikukunjika tena. Fundi asiyeweza kufumbata koleo si fundi. Lori likauzwa kwa matibabu. Siku hizi Khudeir ndiye anayepanda ngazi, Nadhim anasimama chini anasoma kipimo na kumwambia afunge nini. Kazi ikiisha wenye nyumba humshukuru Nadhim. Khudeir moyo bado humchoma, yeye mwenyewe amekiri. Hufunga mdomo, akakaza skrubu.

Funzo

Ndugu zangu, wivu hauzuii mtu kusikia; humfanya asikie tusi mahali penye onyo. Khudeir aliambiwa ukweli na mtu aliyempenda, kwa tarakimu ambazo mtoto wa shule angezikokotoa, akaukataa kwa sababu ya mdomo ulioutoa. Ukiambiwa jambo na mtu unayemwonea kijicho, lipime jambo, usimpime mtu. Na ukitaka kuvuta kikubwa kama cha mwenzio, kwanza tazama waya wako.